Je, wajua kwa nini vita vya Mahiwa ni vigumu kuvipata maktabani?

Ukitoka Lindi kwa basi kwenda Masasi, ukishaipita Mtama unafika Nyangao, kituo ambacho abiria wengi hushukia kwa ajili ya hospitali. Mahiwa iko jirani tu. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 hapo palipiganwa pambano mojawapo kali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Kikosi cha Waingereza kilichotokea Lindi kilikuwa kinamsukuma Jenerali Wahle wa Ujerumani kuelekea bara, na Brigedi ya Nigeria ikaja kutoka upande wa Kilwa ili imzibie njia kwa nyuma. Kabla hajabanwa sawasawa, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, akawasili na askari wake kumwokoa. Waingereza walipoteza watu wengi mno hata wakashindwa kusonga. Lettow-Vorbeck naye hakuwa na risasi wala askari wa kufidia aliowapoteza, na tarehe 25 Novemba alikuwa ameshavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jambo kubwa namna hiyo, ungetegemea kulikuta limejaa rafuni. Nenda maktaba ya mkoa, Mtwara kwa mfano, umwambie mkutubi unatafuta vita vilivyopiganwa huku Kusini. Kuna uwezekano mkubwa akakupeleka moja kwa moja kwenye Majimaji, na si kosa lake. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini wakawahoji wazee waliokumbuka vita vile vya 1905 hadi 1907, na kazi hiyo ikazaa maandishi yanayotumika mpaka leo. Majimaji ilipata wa kuiandika, tena kwa sauti za wenyeji. Mahiwa iliachiwa maofisa wa kizungu na kumbukumbu zao.

Hao maofisa nao hawakumaliza kazi. Waingereza walianza kuandika historia rasmi ya kampeni ya Afrika Mashariki. Meja Stacke, aliyeanza rasimu, alifariki 1935. Charles Hordern akaiendeleza na juzuu ya kwanza ikatoka 1941. Ukiifungua utakuta inaanzia Agosti 1914 na kuishia Septemba 1916, mwezi uleule majeshi ya Uingereza yaliposhuka Mikindani na Lindi. Juzuu ya pili, ambayo ndiyo ingekuwa na Mahiwa, haikuchapishwa kamwe. Sura chache za rasimu yake zimebaki kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza kule Kew, London, katika fungu la CAB 44. Kwa hiyo mtu anayeisoma juzuu ile moja akidhani ndiyo habari nzima, vita vinamwishia mlangoni kwetu.

Kuna kikwazo kingine kidogo ambacho kimewarudisha wengi mikono mitupu: faharasa. Wajerumani waliliita pambano hili Mahiwa. Jeshi la Uingereza lilipogawa heshima za vita kwa vikosi vyake liliandika Nyangao. Ukitafuta jina moja tu, nusu ya habari inakupita. Ni vivyo hivyo kwa miji: kwenye vitabu vya Kijerumani vya enzi zile Masasi ni Massassi, Ruvuma ni Rowuma na Dar es Salaam ni Daressalam. Andika maumbo yote kwenye karatasi kabla hujagusa katalogi. Rafuni anzia namba 967.8, ambapo historia ya Tanzania hupangwa, kisha pitia 940.4 penye mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu kitabu kimoja kuhusu mambo haya kinaweza kuwekwa huku au kule.

Tuseme swali lako ni dogo: Mahiwa walikufa wangapi? Vitabu vingi vitakupa kwamba Waingereza walipoteza watu 2,700 kati ya 4,900, na Wajerumani zaidi kidogo ya 500. Hapo ndipo pa kusimama. Takwimu za kijeshi za aina hiyo hujumlisha waliouawa, majeruhi na waliopotea. Kwa upande wa Wajerumani, waliouawa katika hao 500 hawafiki mia. Waliobaki karibu wote ni majeruhi. Lakini habari ikishafupishwa mara mbili tatu, na kutafsiriwa, utasoma kwamba "waliuawa 2,700". Dawa yake ni tanbihi. Shuka chini ya ukurasa, uone mwandishi kaitoa wapi namba yake, kisha kitafute kitabu hicho nacho ukifanyie vilevile, mpaka ufike kwa mtu aliyekuwepo.

Waliokuwepo na wakaandika wapo. Lettow-Vorbeck alichapisha kumbukumbu zake 1920, na W. D. Downes, ofisa wa Brigedi ya Nigeria, alikuwa ameshatoa kitabu chake 1919. Vyote ni vya zamani kiasi kwamba hupatikana bure kwenye maktaba za kidijitali kama Internet Archive, hata kwa simu ukiwa Nachingwea. Visome sambamba, tarehe kwa tarehe. Lettow-Vorbeck alirudi Ujerumani akiwa shujaa na anaandika kama shujaa; Downes anawatetea askari wake. Panapopishana ndipo pa kuchukua kalamu. Ukitaka kwenda mbele zaidi, Kew wana shajara za vita, yaani taarifa za kila siku za vikosi, katika fungu la WO 95, na nyingi huweza kupakuliwa mtandaoni.

Hata ukiyafanya yote hayo, kuna watu hutawakuta kwenye hesabu: wapagazi. Sehemu kubwa ya risasi na chakula ilibebwa kichwani, na wabebaji walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Takwimu ya 2,700 ni ya wapiganaji. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ipo mtandaoni, na kwa maoni yangu mtu wa Lindi aisome kabla ya kitabu cha jenerali yeyote.

Kuwatafuta hao kunahitaji kuhama kutoka maktaba kwenda nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ina majalada ya serikali ya Kijerumani yenye alama ya G, mengine yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani wa kale ambao hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho. Rahisi zaidi ni vitabu vya wilaya: maofisa wa Kiingereza waliotawala Lindi, Mikindani, Newala na Masasi baada ya vita walikuwa wakiandika humo historia ya makabila, habari za majumbe, vijiji vilivyohama na miaka ya njaa. Waliandika kwa jicho la mtawala, hilo likumbuke. Ila waliongea na watu ambao mizigo ile waliibeba wenyewe. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo au ofisi yako, na ukifika uliza habari za njaa na za watu waliochukuliwa kubeba mizigo. Ukiuliza neno "vita" peke yake utarudishwa kwa majenerali.