Kabla hujalipia kebo ya spika, omba wembe

Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Mbozi hadi Makambako, harusi hufuatana na matamasha ya kwaya, na kwenye kaunta yetu ya malalamiko ya wanunuzi huanza kuletwa mabunda ya waya wa spika. Mwaka huu yameletwa mengi mpaka tumeona tuandike. Wengi wanauliza: kebo inabadilisha sauti au haibadilishi?

Inabadilisha, na hesabu yake haina siri. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, uvute mita 30 kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60, zenye ukinzani wa takriban omu 2. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4. Hapo theluthi moja ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya inaishia kupasha waya joto, halafu fundi analaumiwa kwamba besi haina kifua. Weka waya wa 2.5 na hasara inashuka chini ya sehemu moja ya kumi. Sebuleni, kwa mita mbili tatu, shaba yoyote ya unene wa wastani inatosha. Pini za rangi ya dhahabu huzuia kutu, basi. Habari za kebo "kuzoeshwa" wiki mbili ndipo iimbe vizuri, naomba tuziache.

Kinachotusumbua zaidi ni alumini iliyovishwa ngozi ya shaba. Kwa macho ni shaba tupu, lakini kwa unene uleule ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na ukiukunja mara kwa mara unakatika. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitoa weupe ndani, ni alumini. Msichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni halali kabisa. Kuuza alumini si kosa. Kosa ni kuiita shaba.

Mvumo, ile "mmm" isiyokoma kwenye spika, ni jambo lingine. Kuna kanisa lilinunua kebo ya bei kubwa, imevikwa wavu kama ngozi ya nyoka, na mvumo ukabaki palepale. Mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwa imechomekwa soketi ya mbele, amplifaya soketi ya nyuma, katikati kebo ya jeki ya kawaida ya mita nyingi. Mvumo uliingilia hapo. Vifaa vilishwe umeme kutoka sehemu moja, na masafa marefu yapite kwenye kebo ya pini tatu. Wapo wanaokata waya wa ardhi ili mvumo uishe. Tafadhali sana. Umeme wa nyumbani ni volti 230 na mwimbaji ameshika maiki ya chuma.

Kwa anayetaka kulalamika: dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) siku ileile ya kununua, kutodai ni kosa lako pia. Tunza lebo ya bunda. Kata kipande cha mita moja, usikimenye. Andika tarehe, urefu, bei na maneno aliyokwambia muuzaji, kama alivyoyasema. Anza kwa muuzaji, kwa barua, ubaki na nakala yenye sahihi yake. Akikataa, ndipo uje. Maneno yake ndiyo uzito wa shauri, kwa sababu vifungu vya 15 na 16 vya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 vinakataza kumpotosha mnunuzi, na faini yake hukokotolewa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka. Nembo ya kughushi inaingia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na hapo mzigo wenyewe unaweza kukamatwa.

Hatusemi maduka ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, yanauza bandia. Wapo wanaokupa wembe wenyewe kabla hujauomba.

Na ukija, leta kile kipande cha mita moja tu. Wiki iliyopita tumeletewa spika mbili na jenereta.