Je, wajua kwa nini askari anaweza asisikie mlio wa bastola yake mwenyewe?

Bastola ya kawaida ya polisi ikifyatuliwa hutoa mlio unaozidi desibeli 150, kiwango kinachotosha kuliumiza sikio lisilokingwa. Hata hivyo, askari wengi waliowahi kufyatua silaha zao katika pambano la kufa na kupona husimulia kwamba mlio huo waliusikia kama kitu kidogo kilichopasuka mbali, na wengine hawakuusikia kabisa. Mwanasaikolojia wa Marekani Alexis Artwohl aliwahoji askari 157 waliohusika katika matukio ya kurusha risasi kati ya mwaka 1994 na 1999, akakuta kwamba asilimia 84 kati yao sauti ziliwafifia. Asilimia 79 walisema macho yao yalibanwa kana kwamba wanachungulia kupitia bomba jembamba, asilimia 62 waliona mambo yakienda polepole kuliko kawaida, na asilimia 52 walishindwa baadaye kukumbuka sehemu ya yaliyotokea. Asilimia 7 waliganda kwa muda, wasiweze kufanya lolote.

Watu hawa hawakuwa waoga. Mabadiliko hayo ni kazi ya mwili, na humpata mtu yeyote ambaye roho yake imo hatarini. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo ni kama mlinzi wa lango, hupiga kelele ya hatari kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kufikiri, haijamaliza kuelewa kinachotokea. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, mboni za macho hupanuka na mdomo hukauka. Vidole ambavyo dakika moja kabla viliweza kufungua kifungo cha mkoba wa bastola bila kutazamwa huwa vizito kama vya mtu aliyeshikwa na baridi kali. Walter Cannon, mfiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hivi ndivyo mwili unavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia.

Sikio lenyewe halikuziba. Mawimbi ya sauti yameingia na kuumiza kama kawaida, ndiyo maana mtu anaweza kushinda na mvumo masikioni kwa sababu ya mlio ambao haukumbuki. Kilichotokea ni kwamba ubongo, ukiwa na uwezo wenye mipaka wa kushughulikia habari, umeamua kuwa kwa wakati huo macho ndiyo yanayohitajika zaidi, nayo macho yamekodolea kitu kimoja tu, yaani mkono wenye silaha.

Jambo hili lina matokeo makubwa kazini. Askari asiyejua kwamba huenda asisikie mlio wa silaha yake anaweza, katikati ya pambano, kudhani kwamba bastola imekwama, akainamisha macho kuikagua huku anayemshambulia angali amesimama mbele yake. Askari asiyejua kwamba macho hubanwa hatageuza kichwa kumtafuta mshambuliaji wa pili, wala hatamwona mama mwenye mtoto aliyejibanza ukutani nyuma ya mtuhumiwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuiandaa akili ni kumweleza askari, akiwa bado darasani, jinsi mwili wake utakavyomgeuka, ili siku hiyo ikifika asipoteze muda kushangaa.

Katika mazungumzo ya kila siku hupenda kusemwa kwamba askari shupavu haogopi. Naamini kauli hiyo imewaumiza askari na raia kwa pamoja, kwa sababu humfanya kijana aliyetoka depo aone aibu kukiri kwamba miguu ilimtetemeka, na aibu hiyo humzuia kujifunza namna ya kufanya kazi akiwa na hofu. Hofu haiondolewi kwa kukaripiwa. Kinachowezekana ni kuyafanya maamuzi mengi kabla hofu haijafika, ili ikifika isiwe ndiyo inayoamua.

Umuhimu wa kuamua mapema unaonekana ukipima muda. Nchini Marekani, mtafiti J. Pete Blair na wenzake walifanya jaribio mwaka 2011 ambamo askari alikuwa tayari amemwelekezea bastola mtu mwenye silaha, na mtu huyo, ambaye bastola yake haikuwa imemlenga askari, aliweza kuamua ghafla kuiinua na kupiga. Kwa wastani mtu huyo alitumia sekunde 0.38, na askari, ambaye kidole chake kilikuwa kinasubiri jambo hilo hilo, alitumia sekunde 0.39. Maana yake ni kwamba anayesubiri kuona ndipo aamue huchelewa, au akijitahidi sana hufika sawa na mwenzake, hata awe hodari wa shabaha kiasi gani. Ushindi wake unabidi utoke kwenye mambo aliyoyafanya kabla, kama vile umbali aliouacha, kinga aliyojificha nyuma yake, na picha aliyokwisha kuichora akilini.

Tumtazame askari wa doria aliyesimamisha gari lenye vioo vyeusi saa nane za usiku. Tochi ameishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaofahamu njia ya kwenda kwenye bastola na haufai kushughulishwa na kitu kingine. Haendi kusimama mkabala na dirisha la dereva. Husimama nyuma kidogo ya mlango, ili dereva alazimike kugeuza shingo na bega kabla ya kumfikia. Mwanga anaupeleka kwenye mikono ya dereva kabla ya uso, kwa kuwa uso hauui. Wakati huo huo, kimoyomoyo, anajisemea: akipeleka mkono chini ya kiti, nitarudi nyuma ya gari langu upande wa injini na kupaza sauti, “Mikono juu!”, akishuka akiwa mikono mitupu, nitabaki hapa na kumwambia aweke mikono juu ya paa. Sehemu ya injini ameichagua kwa sababu chuma chake kizito huzuia risasi ambazo mlango wa gari hauwezi kuzizuia.

Maneno hayo ya “akifanya hivi, nitafanya vile” yanaonekana mepesi, lakini mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameyatafiti kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba mpango uliofungwa kwa masharti ya namna hiyo hutekelezwa kwa urahisi kuliko nia ya jumla kama “nitakuwa mwangalifu”. Ubongo ukiliona sharti limetimia, kitendo huanza bila kungoja mjadala. Zaidi ya hayo, mpango mzuri huwa na matawi mengi ya amani, kwa sababu madereva wengi wanaopeleka mkono chini ya kiti wanatafuta leseni. Askari aliyejiandaa kwa risasi pekee atamwona kila dereva kuwa jambazi, na huko ni kujiandaa vibaya.

Mazoezi ya vitendo nayo yanapaswa kufanana na hali halisi. Huko Uholanzi, Raôul Oudejans wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit mjini Amsterdam aliwafanyia askari majaribio, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wote walilenga vizuri walipopiga vibao vya karatasi, lakini shabaha yao iliporomoka walipokabiliana na mtu aliyewajibu kwa risasi za rangi zinazouma zikikupata. Kundi moja likapewa vipindi vichache vya mazoezi dhidi ya watu wanaojibu mapigo, na kundi la pili likaendelea na vibao. Walipopimwa tena, shabaha ya kundi la kwanza haikushuka chini ya shinikizo, huku ile ya kundi la pili ikishuka kama mwanzo. Sioni sababu ya kikosi chochote kuendelea kumhesabu kuruta kuwa amefuzu kwa sababu tu ametoboa karatasi mchana, akiwa ametulia, bila mtu wa kumjibu.

Mwili hufanya ulichozoezwa, kiwe chema au kibaya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, askari wanne wa doria ya barabara kuu ya California waliuawa na majambazi wawili huko Newhall, katika pambano lililodumu kwa dakika chache tu. Kwa miaka mingi wakufunzi walisimulia kwamba askari mmojawapo alikutwa na maganda ya risasi mfukoni, kwa sababu uwanjani walizoezwa kuyaokota kila wanapobadilisha risasi. Waliochambua ushahidi baadaye wamelipinga simulizi hilo, nami nalitaja kwa tahadhari hiyo. Mauaji yenyewe, hata hivyo, yalibadilisha mafunzo ya polisi nchini Marekani.

Pambano la Miami la tarehe 11 Aprili 1986 linafundisha jambo lingine. Maofisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walilizuia gari la wanyang’anyi wawili wa benki, mmoja wao akiwa na bunduki yenye nguvu kuliko silaha nyingi walizokuwa nazo maofisa hao. Kabla dakika tano hazijatimia, maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, walikuwa wameuawa na wengine watano wamejeruhiwa. Edmundo Mireles, mmoja wa maofisa hao, alivunjwa mkono wa kushoto na risasi mapema kabisa. Bunduki aliyokuwa nayo ni aina inayohitaji mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kusukuma ili risasi mpya iingie. Huku mkono mmoja ukining’inia, aliiegemeza bunduki kwenye gari, akapiga, akaibana kwa miguu, akaisukuma kwa mkono mzima, akapiga tena, hadi risasi tano zikaisha; kisha akachomoa bastola, akasonga mbele na kulimaliza pambano.

Baada ya tukio hilo FBI ilijadili sana aina ya bastola na risasi inazowapa maofisa wake, na mjadala huo ulikuwa na haki yake. Lakini wakufunzi wa utayari wa akili humrejea Mireles kwa sababu tofauti. Mtu akipigwa risasi anaweza kuanguka na kukata tamaa si kwa ukubwa wa jeraha, bali kwa sababu ameamini maisha yake yote kwamba kupigwa risasi ni kufa. Ndiyo maana katika mazoezi mazuri kuruta aliyepigwa na risasi ya rangi haambiwi “umekufa, toka nje”. Huambiwa aendelee, ajisogeze kwenye kinga, atumie mkono uliobaki, aite msaada kwenye redio.

Baada ya hayo yote kuna pumzi. Ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo, na ukiitoa polepole, mshipa wa fahamu uitwao vagasi huutuliza. Kwa hiyo askari hufundishwa kuvuta hewa kwa hesabu ya nne, kuizuia kwa nne, kuitoa kwa nne na kutulia kwa nne, akiwa ndani ya gari kabla ya kufika eneo la tukio. Judith Andersen wa Chuo Kikuu cha Toronto na ofisa wa polisi wa Finland Harri Gustafsberg walichapisha mwaka 2016 utafiti waliowafanyia askari wa vikosi maalumu vya Finland, ambamo baadhi yao walifundishwa kutawala pumzi na mapigo ya moyo pamoja na kuchora picha za tukio akilini. Washiriki walikuwa wachache, lakini waliopata mafunzo hayo walifanya maamuzi sahihi zaidi kuhusu wakati wa kutumia nguvu na wakati wa kujizuia. Hapo ndipo raia anapopata sehemu yake katika maandalizi haya. Askari ambaye hofu haijamtawala ana muda wa kuona kwamba kilichotoka mfukoni ni simu.

Hatari nayo haifuati ratiba. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015, watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Sitakishari, Ukonga, Dar es Salaam, wakaua askari wanne pamoja na raia na kupora bunduki. Kituoni ndipo mahali ambapo askari anadhani amefika nyumbani. Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, aliligawa suala hili kwa rangi. Nyeupe ni hali ya kutojali kilichoko pembeni, njano ni kutulia huku macho yakifanya kazi, chungwa ni kukitilia shaka kitu mahususi, na nyekundu ni kuwa tayari kupigana. Askari hawezi kukaa kwenye nyekundu zamu nzima, maana atachoka na atamwogopa kila anayeingia kuandikisha maelezo. Anachoweza ni kukaa kwenye njano, akijua nani yuko nje na mlango wa nyuma umefungwa au la.

Maandalizi yanahusu pia saa na siku zinazofuata. Kwa kuwa kumbukumbu hukatika, Shirikisho la Kimataifa la Wakuu wa Polisi limependekeza askari aliyefyatua risasi apewe siku mbili au tatu kabla ya kutoa maelezo kamili. Pendekezo hilo halipokewi vizuri na wote, na familia ya aliyeuawa ina haki ya kuuliza kwa nini shahidi wa kawaida hapewi nafasi hiyo. Askari mwenyewe huwa na maswali mengine. Mikono humtetemeka saa kadhaa baada ya tukio, chakula hakipiti, usingizi hukatika usiku wa manane, na mlango ukibamizwa anajikuta ameshainama. Aliyeambiwa mambo haya mapema hadhani kwamba anarukwa na akili, naye huenda kwa mshauri bila kusubiri miezi. Mwenzi wake, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba aliyerudi nyumbani amebadilika, anapaswa kuelezwa siku ile ile ambayo askari anapokea silaha yake ya kwanza.