Maji yakoje? Kupita na boti ndogo kwenye miamba na maji mafupi

Ami yangu, aliyenifundisha unahodha, hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikimwambia nashuka pwani, huuliza jambo moja tu: "Maji yakoje, mwanangu?" Nikibabaika, hunirudisha nyumbani. Leo mimi ndiye ninayefundisha vijana kuendesha boti upande wa mashariki wa Unguja, na swali langu la kwanza kila asubuhi ni lile lile.

Kuanzia Michamvi, ukishuka Bwejuu na Paje hadi Jambiani, kati ya ufukwe na mwamba mkubwa unaovunja mawimbi kuna eneo pana la maji mafupi: mchanga, nyasi za bahari, na vichwa vya matumbawe vilivyotawanyika. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Pahala ambapo saa 4 asubuhi kina mama wanatembea kwenda kwenye mwani wao, saa 10 jioni boti inapita bila kugusa kitu. Mwamba ni ule ule. Kwa hiyo kujua mwamba ulipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua saa hii una maji kiasi gani juu yake.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Hayo wavuvi wote wanayajua. Wanachokosea vijana wengi ni kudhani kwamba maji hupanda kwa mwendo mmoja.

Chukua mfano. Tuseme jedwali la maji kujaa na kupwa linasema maji yatakupwa saa 4 asubuhi yakiwa sentimita 30, na yatajaa saa 10 jioni yakiwa mita 3.9. Tofauti ni mita 3.6. Igawe mafungu 12, kila fungu sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ni makadirio, lakini kwa boti ndogo yanatosha. Sasa weka mwamba ambao kichwa chake kiko mita 1.2 kwa kipimo hicho hicho cha jedwali. Saa 4 unauona mkavu, na mtoto anaweza kuupanda. Saa 6 mchana maji yamefika mita 1.2 kamili: kichwa ndiyo kwanza kimezama. Saa 7 una sentimita 90 juu yake. Saa 8 una mita 1.8.

Ukiniuliza saa ya hatari, nitakwambia ni hiyo saa 6, wala si saa 4. Mwamba umeshafichika, bahari inaonekana imejaa, na juu yake hapana maji ya kutosha hata mtumbwi. Boti yangu na mashine ikiwa chini inahitaji sentimita 70. Saa 7, kukiwa na wimbi la nusu mita, wimbi likishuka linanibwaga juu ya jiwe. Mimi nasubiri saa 8.

Jambo ninalolisisitiza kupita yote: pahala usipopajua, ingia maji yakiwa yanajaa. Ukikwama maji yanaingia, bahari itakuinua yenyewe. Ukikwama yanatoka, kila dakika unayohangaika inakuzidishia uzito juu ya jiwe, na utakaa hapo mpaka maji yarudi, chombo kimelala ubavu na wimbi likikisaga.

Haya yalinifika. Mlango wangu wa kuingilia, yaani uwazi kwenye ule mwamba mkubwa, nilikuwa naupata kwa alama mbili za nchi kavu: mvinje mrefu ulipokaa sawasawa na ncha ya paa la msikiti nyuma yake, nilikuwa katikati ya mlango. Nilikaa miezi bila kupita pale. Niliporudi, mvinje umekatwa na jengo jipya limesimama, na mimi kwa uchovu nikashika mvinje wa jirani. Nikaingia upande wa kaskazini wa mlango. Mashine ilipiga kelele, rafadha, yaani panga la mashine, ikavunjika pembe mbili, na ubao wa karibu na mkuku, uti wa chini wa boti, ukafunguka mshono. Nikazima, nikainua mashine, nikawahamisha abiria wote tezi, yaani nyuma, ili omo, yaani mbele, ielee, tukapiga upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kurudi nyuma kwa njia tuliyojia. Kwa kuwa maji yalikuwa yanaingia, robo saa baadaye tulikuwa tunaelea. Tukaziba kwa kitambaa, tukafika tukikumba maji. Tangu siku ile kila mlango naushikia jozi mbili za alama, na kila baada ya muda nakwenda kuzihakiki.

Kusoma rangi ya maji kunasaidia sana, lakini kunataka jua liwe juu au nyuma yako. Buluu nzito ni kina. Kijani cheupe ni mchanga wenye maji mafupi. Kahawia au weusi ni mwamba au nyasi, na usipojua ni kipi, hesabu kuwa ni mwamba. Pwani yetu ya mashariki ina taabu yake: asubuhi unatoka jua likiwa usoni, alasiri unarudi jua likiwa usoni tena, na maji yote yanang'aa kama bati jipya. Hapo punguza mwendo uwe wa mtu anayetembea, na weka mtu gubetini, mbele kabisa ya boti, mwenye upondo, aongoze kwa mkono. Kwenye kelele za mashine sauti haifiki.

Simu yenye ramani ninayo pia. Lakini njia uliyoirekodi maji yamejaa itakupitisha juu ya jiwe maji yakikupwa, na simu haitasema kitu. Kipima kina nacho kinaonyesha kilicho chini ya mkuku, na jiwe liko mbele.

Mlangoni penyewe, jihadhari na maji yanayotoka kukiwa na kusi, upepo wa kutoka kusini. Mkondo unakwenda nje, wimbi linakuja ndani, vikikutana wimbi husimama wima. Kaa nje, tazama. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Yakishapita, ingia omo ikiwa imenyooka, na ukishaingia usigeuze, kwani wimbi litakukuta ubavuni.

Na mashamba ya mwani, ambayo Paje na Jambiani yapo tangu 1989, yazungukeni. Maji yakijaa kamba hazionekani, zitajisokota kwenye rafadha, na utakuwa umemharibia mama wa watu kazi ya wiki kadhaa.

Bamvua ijayo, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nitatembea na wanafunzi kutoka ufukweni hadi mlangoni kwa miguu. Tunaanza saa 3 asubuhi maji yakitoka, na ikifika saa 4 na nusu tunageuka, hata kama hatujafika. Kila mwamba tutaupima kwa upondo niliouchora alama za sentimita 10, tuandike daftarini na kutazama alama za nchi kavu tukiwa tumesimama juu yake. Njooni na viatu vya soli ngumu.