Je, wajua kwa nini kansa ya tumbo hufuatana kwenye ukoo? Mara nyingi sio damu

Kwetu shangazi alifariki kwa kansa ya tumbo, baada ya miaka sita baba mdogo naye akaondoka kwa ugonjwa huohuo, na siku ya msiba wake akina mama wakiwa nyuma ya nyumba wanachambua mchele nikamsikia mmoja anasema taratibu, "hawa ugonjwa wao uko kwenye damu." Mi nikaamini. Nikaishi nalo miaka mingi, na ubaya wa kuamini hivyo ni kwamba unakaa tu unasubiri zamu yako, maana damu utaibadilishaje? Kumbe nilikosea, na kosa lenyewe wanalo watu wengi sana, ndo maana nataka nilieleze polepole.

Ukoo unapokezana vitu kwa njia mbili. Kuna vinavyoingia siku ile mimba inatungwa, yaani vinasaba, afu kuna vinavyoingia baadaye kwa kuishi pamoja: chungu kimoja, maji yaleyale, kijiko ambacho mama ameonjea uji kabla hajampa mtoto. Ukiangalia kwa nje zote zinaonekana sawa, baba kaugua, mtoto kaugua, watu wanasema damu. Lakini kwenye kansa ya tumbo hii njia ya pili ndo imebeba mzigo mkubwa, na anayepita humo ni bakteria mmoja anaitwa Helicobacter pylori, yule yule ambaye wengi tunamjua kwa vidonda vya tumbo. Robin Warren na Barry Marshall walimgundua kule Perth, Australia, mwaka 1982, mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO likamweka kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa, na 2005 wawili hao wakapewa Nobel. Huyu bakteria kwa kawaida humpata mtu akiwa mtoto, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani na hasa mama, halafu asipotibiwa anaweza kukaa humo maisha yote akichubua ukuta wa tumbo kidogokidogo. Wengi hawaugui kitu, wengine wanapata vidonda, wachache sana inafika kansa. Na niseme ukweli, kwetu Afrika bakteria huyu amejaa kila mahali lakini kansa yenyewe haionekani kwa wingi kama Japani au Korea, na wataalamu bado wanabishana kwa nini, wengine wanasema ni wagonjwa wetu tu hawapimwi.

Sasa angalia hesabu. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua kansa hii, hatari yako inapanda kama mara mbili mpaka tatu. Kati ya wagonjwa 100, kama 10 hivi wana ndugu aliyeugua. Lakini wale ambao kweli ni kinasaba kimoja kilichoharibika kikawashika ni 1 mpaka 3 tu. Korea Kusini walichukua watu zaidi ya 1,800 ambao wazazi au ndugu zao waliugua, wote wana bakteria, nusu wakapewa dawa za kumuua na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa miaka kama tisa. Waliotibiwa waliougua kansa walikuwa 1.2%, wasiotibiwa 2.7%. Majibu yalitoka 2020. Damu yao haikuguswa, ukoo ni uleule, ila hatari imeshuka zaidi ya nusu kwa vidonge vya siku chache. Hiyo namba nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka baba mdogo nikanyamaza muda mrefu.

Sasa hao wachache ambao kweli ni damu. Hapa kuna kisa cha ukoo mmoja wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, zaidi ya watu 25 walikufa kwa kansa ya tumbo ndani ya miaka kama 30, mmoja akiwa na miaka 14. Wengine waliamini ni laana. Wenyewe ndo wakawatafuta wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Otago, wakakaa na wazee wakaandika nasaba yote, nani kazaliwa na nani, nani kafa na umri gani, na mwaka 1998 timu ya Parry Guilford ikatangaza kosa liko kwenye jeni (yaani kinasaba) inaitwa CDH1. Bila ile nasaba ya wazee jeni isingepatikana kirahisi.

CDH1 inafanya nini? Chukua mkeka. Ukili ni vipande virefu vilivyoshonwa kimoja na kingine, na kinachoufanya uwe mkeka ni ule uzi. Seli za ukuta wa tumbo nazo zimeshonwa, na uzi wao ni protini inaitwa E-kadherini, inayotengenezwa kwa maelekezo ya CDH1. Kila seli ina mafundi wawili wa kutengeneza uzi huo, mmoja katoka kwa baba mmoja kwa mama. Mtoto aliyerithi kosa anazaliwa na fundi mmoja tu anayefanya kazi, na huyo mmoja anatosha kabisa, mkeka uko imara, mtoto anakua anacheza mpira. Shida inaanza siku fundi wa pili anapoacha kazi kwenye seli moja kati ya mamilioni. Hiyo seli haina uzi tena, inachomoka. Kwa hiyo hata hapa mtu harithi kansa, anarithi kukosa fundi wa akiba, na kila mtoto wa mwenye kosa ana nafasi 50% ya kulipata.

Na huo uzi unaeleza kwa nini kansa hii ni ngumu kuonekana. Kansa nyingi zinaota uvimbe, hii seli zinatambaa mojamoja chini ya ngozi ya ndani ya tumbo, juu panabaki laini, kamera ya kushushwa tumboni inapita haioni kitu. Ndo sababu wenye kosa la CDH1 wengi wanashauriwa tumbo litolewe lote wakiwa bado wazima, bomba la chakula kutoka kooni linaunganishwa na utumbo mwembamba, wanaishi, wanakula kidogokidogo, na wanahitaji vitamini B12 maisha yao yote. Makadirio ya zamani yalisema hatari kwa wanaume ni 70%, ila yalitoka kwenye koo zilizoumia zaidi, hesabu za baadaye zimeshuka mpaka kama 42%.

Afu njia mbili hizi zinaweza kukutana. Utafiti wa Japani wa 2023 ulikuta wenye bakteria pamoja na makosa ya kurithi kwenye jeni kama BRCA1 na BRCA2 (zinazojulikana zaidi kwa kansa ya matiti) wanafika hatari ya kama 45% wakifikisha miaka 85, wenye bakteria peke yake kama 14%.

Kwa hiyo daktari atakuuliza: wameugua wangapi, wakiwa na umri gani, kuna aliyeugua chini ya miaka 50, ilikuwa aina gani, kuna mwanamke wa ukoo aliyepata kansa ya matiti ya aina ya lobula, ile inayoanzia kwenye tezi za maziwa (nayo inaweza kutoka CDH1). Mi nilikaa na baba mkubwa tukaandika kwenye daftari. Shangazi alikuwa na 67, baba mdogo 71, hakuna kijana hata mmoja, matiti hakuna. Tukapima kinyesi watu sita, wanne wakakutwa na bakteria, akiwemo mama mdogo aliyeolewa tu kwetu, hana damu yetu hata tone, huenda alitoka naye kwao. Wote wanne wakapewa dozi ya siku 14, wakaambiwa warudi kupima tena mwezi mmoja baada ya kumaliza, na baba mkubwa kwa sababu amezika ndugu wawili akaongezewa na kipimo cha kamera.