"Sisi Tumeshapanda Miti"

Wiki iliyopita nilikuwa Njiro, Arusha, ofisini kwa kampuni ya utalii yenye magari kumi, kuwashauri wapunguze hewa ukaa, ile gesi ya moshi wa mafuta inayopasha dunia. Sijakaa vizuri, mzee mwenye kampuni akaninyooshea kidole picha ya ukutani: wafanyakazi wenye fulana za kijani, bango, miche. "Kijana wangu, hayo ya hewa ukaa sisi tumeshamaliza. Tumepanda miti mia tano." Mwaka huu nimeambiwa hivyo na wenye hoteli, wenye mashamba ya maua, hata mkoboa kahawa mmoja wa Moshi. Siku hizi naweza kumalizia mtu sentensi.

Nikaomba risiti za sheli. Zikaja boksi zima, nyingine zimefutika. Tukajumlisha: kila gari linakunywa kama lita 8,000 kwa mwaka, kwa hiyo yote kumi ni lita 80,000. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. (Hapa watu hubisha: lita yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje mbili na zaidi? Kaboni ya dizeli inaungana na oksijeni ya hewani, uzito wa ziada unatoka huko.) Jumla, tani 214. Mti mkubwa wenye afya tuupe kilo 20 za kunyonya kwa mwaka, na hapo nimekuwa mkarimu, maana mche wa kimo cha goti hauna unachonyonya cha kuhesabika. Miti 500 ni tani 10. Mzee akauliza kama kikokotoo changu ni kizima.

Na hiyo ni kama miti yenyewe ipo. Wengi hupanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, masika yakiwa yameshaaga. Mche unakaa miezi kadhaa mkavu ukingoja vuli. Nilikwenda kuona eneo lao, nikang'oa mmoja uliokauka: mizizi bado imejikunja ndani ya kiriba cheusi. Walipanda na kiriba chake! Mingine mbuzi walishamaliza. Uliokuwa umestawi ni mringaringa mmoja, jirani na bomba linalovuja. Jamani, pandeni miti, sina ugomvi nayo; chemchemi za Meru na Kilimanjaro zinaihitaji. Ila msiniletee kama malipo ya dizeli.

Ushauri wangu ni ule ule, na madereva hawanipendi kwa sababu yake: kila gari liwe na daftari, lita na kilomita, kila wiki. Gari linalokunywa kuliko wenzake lina sababu. Ni nozo ya kupulizia dizeli kwenye injini, ni upepo wa tairi, au ni dereva anayeacha injini ikiunguruma lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, mpaka vibali vikamilike. Kwa mzee wangu tulilikuta moja linalokula lita 4 zaidi kwa kila kilomita 100. Hapo ndipo alipovaa miwani.

Mengine nayapitia haraka. "Tumeacha mifuko ya plastiki." Imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kutii sheria siyo mradi. "Umeme wetu ni wa maji, hauna moshi." Gridi ya taifa ina maji ya Rufiji, ina gesi asilia pia, na ukikatika unawasha jenereta iliyo nyuma ya jiko. "Sola ni ghali." Nani kasema uanze na paneli? Hoteli inayopasha maji ya kuoga kwa kuni inahitaji kwanza tangi la kupasha maji kwa jua, tena maji ya kuoga hayana haja ya kuchemka.

La mwisho linaniudhi karibu sawa na miti: "Gesi ya friji haina neno, imeandikwa haiharibu ozoni." Ozoni, lile tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, ni habari moja, joto ni nyingine. Kilo moja ya R-404A, gesi ya vyumba vya baridi, ikivuja inapasha dunia sawa na kilo zipatazo 3,900 za hewa ukaa. Ni kama umechoma dizeli zaidi ya lita 1,400, na hakuna aliyeona moshi. Fundi akija "kuongeza gesi" kila baada ya miezi mitatu, ujue kuna tundu. Aje na povu la sabuni kwanza, apake kwenye maungio yote, azibe panapotoa mapovu, ndipo umruhusu kufungua mtungi.