Jinamizi si mzimu uliokukalia kifuani

Kwenye mihadhara ya mizimu hakosekani mtu wa kusimama na kusimulia: alizinduka usiku, macho wazi, hawezi kuinua hata kidole, na kitu kizito kimemkalia kifuani. Anasema kweli, hilo lilimpata. Kosa liko kwenye jibu la miaka nenda miaka rudi, kwamba ni mzimu.

Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusirushe ngumi na mateke kitandani. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujaachiwa. Pumzi bado ni ile fupi ya usingizini, ukitaka kuivuta kwa nguvu inagoma, ndiyo maana kifua huelemewa. Ndoto nayo haijakatika, hivyo kivuli cha mlangoni hupata sura. Jinamizi hili hudumu sekunde chache, pengine dakika moja au mbili. Uchovu na kulala chali huichochea hali hii.

Wajapani huiita kanashibari. Mchoraji Henry Fuseli aliichora mwaka 1781: kiumbe amechuchumaa juu ya mwanamke aliyelala. Masimulizi haya yahifadhiwe, ni historia yetu sote. Ila aliyekabwa usiku, tafadhali, asiambiwe amelaaniwa. Ikimrudia mara kwa mara, amwone daktari.