Kumla Mpenzi na Kujitoa Mhanga ni Mambo Mawili

Siku hizi hadithi yoyote ambamo mtu anaumia kwa ajili ya ampendaye inabandikwa jina la "ulaji wa mapenzi". Kijana kamtolea mchumba figo, ulaji. Mama kalala na njaa ili wanawe washibe, ulaji. Hapana jamani.

Ulaji wa mapenzi ni sitiari: kula nyama ya mtu kunasimama badala ya ile hamu ya kumtaka mpenzi mpaka asibaki nje yako. Basi, maana ni hiyo. Linalotuvuruga ni kwamba kujitoa mhanga hukutana nayo mara nyingi ndani ya hadithi moja. Swali la kuzitenganisha ni nani aliyeamua. Anayejitoa huamua juu ya mwili wake mwenyewe. Mlaji huamua juu ya mwili wa mwenzake.

Tazama tamthilia ya *Penthesilea* ya Mjerumani Heinrich von Kleist, iliyotoka 1808. Penthesilea ni malkia wa Waamazoni, wanawake wapiganaji wa hekaya za Kigiriki, na kwa sheria yao mwanamke humpata tu mwanamume ambaye yeye mwenyewe amemshinda vitani. Achilles, shujaa wa Kigiriki, anampenda, kwa hiyo anamwita wapigane wawili, nia yake ikiwa kushindwa makusudi ili awe wake. Anakwenda karibu mikono mitupu. Penthesilea haijui nia hiyo. Anaona amedharauliwa, anakuja na mbwa wake, anampiga mshale wa shingo, kisha anamrarua kifua kwa meno, yeye upande huu na mbwa upande ule. Fahamu zinapomrudia anasema busu na kung'ata vinaendana kwa vina, na apendaye kwa moyo wote anaweza kushika kimoja akidhani ni kingine. Vina hivyo ni vya Kijerumani, lakini hofu iliyomo inaeleweka popote. Aliyejitoa hapo ni Achilles. Penthesilea alikula. Ukimwita mhanga kwa sababu tu naye anakufa mwishoni, unamfutia Achilles alichokitoa.

Mfano mwingine unaotajwa vibaya umo katika *Decameron*, mkusanyiko wa hadithi wa Mwitaliano Boccaccio, wa karne ya 14. Mume anamuua rafiki yake aliyekuwa mpenzi wa mkewe, anautoa moyo, anamwambia mpishi ni wa nguruwe mwitu, autengeneze vizuri. Mke anaula wote, anausifu. Ndipo anaambiwa. Anajibu kwamba baada ya chakula kitukufu namna hiyo hakitapita kingine, anajitupa dirishani. Wengi humwita mlaji wa mapenzi, nami naelewa kwa nini, maana maneno yake yanatikisa. Ila alikula bila kujua. Ulaji ule ni kisasi cha mume. Mapenzi ya mke yasomwe kuanzia pale alipokataa kula tena.